Gari ya kuendesha kwa mkono hapa Malindi: kununua, kutunza na kupambana na chumvi

Naandikia wenzangu wa wilchea mlioko Malindi, Watamu, Mambrui mpaka huko Gongoni, mnaotaka kuwa na gari yenu wenyewe ya kuendesha kwa mkono bila miguu, muache kungojea tuktuk, au mnayo tayari na mwasikia imeanza kulia chini ya dashibodi. Tuktuk ndio usafiri wa mji huu na madereva wengi wana roho nzuri, atakubeba akuweke ndani na kiti atakifunga nyuma kwa kamba, lakini ukiwa na kliniki saa mbili asubuhi na masika yamekolea utajua raha ya kuwa na ufunguo wako. Nitasema kidogo kuhusu kununua na mengi kuhusu kutunza, manake kununua kila mtu ana la kukushauri, kutunza ndio hakuna anayekwambia, na gari zetu hizi haziuliwi na injini, zauliwa na vitu vidogo vidogo, nati, paipu, kutu.

Kabla ya yote jiulize nani ataendesha. Ukiingia kwenye mitandao ya magari ya Japani utaziona Toyota zinaitwa Welcab, zina rampu nyuma au siti inazunguka na kutoka nje kwa mota, picha zavutia na bei si mbaya. Nyingi ya zile zimetengenezwa kumbeba abiria wa wilchea, si dereva. Ile Sienta au Noah ya rampu, wewe waingizwa nyuma na kiti chako, kiti kinafungwa mikanda kwenye sakafu, na mtu mwingine ndiye ameshika usukani. Ni gari nzuri sana kwa mzazi mwenye mtoto asiyetembea, au nyumba yenye mzee aliyepooza. Lakini kama dereva ni wewe, unachotafuta ni gari ya kawaida ya otomatiki, mlango wa dereva uwe wafunguka mpaka mwisho, na siti isiwe juu sana wala chini sana kuliko mto wa kiti chako. Watu watakwambia chukua gari ya juu kwa sababu ya barabara za Ganda na Kakuyuni. Mimi nasema fikiria bega. Kupanda kwenye siti ya juu mara nne tano kwa siku, kila siku, kunamaliza bega, na bega likishaharibika huna la kusukumia kiti wala la kuhamia kitandani. Nenda na kiti chako mpaka ilipo gari, hama uingie, hama utoke, kisha ujaribu kukipitisha kiti juu ya kifua chako ukiweke siti ya pembeni. Fremu ikigonga usukani hiyo gari si yako hata ingekuwa ya bure.

Leva yenyewe, yaani kile kifaa cha kuendeshea kwa mkono, ni kitu rahisi kuelewa. Ni fimbo zimeshikana na pedali ya breki na ya mafuta, na mkono mmoja unafanya kazi ya mguu. Iliyo nyingi ni ya kusukuma mbele ndio breki. Mafuta inategemea, kuna za kuvuta kuja kwako na kuna za kushusha chini kuelekea paja. Za kushusha ni nzuri kwa safari ndefu kwa sababu uzito wa mkono wenyewe unasaidia, za kuvuta zinachosha kifundo cha mkono lakini zinataka nafasi ndogo juu ya mapaja. Mkono wa pili unashika kirungu kilichofungwa kwenye usukani. Mwenye mguu wa kushoto mzima yeye anaweza kufungiwa pedali ya mafuta upande wa kushoto na mambo yakaisha hapo.

Usikubali kabisa fundi wa kuchomea akutengenezee fimbo ya breki kwa chuma cha mageti. Najua ni rahisi na najua fundi ni mtu wako na nia yake nzuri, lakini chuma kilichochomwa kinaweza kuwa dhaifu pale pale kwenye chomeleo na hukioni kwa macho, kinangoja siku mtoto amekatiza barabara mbele ya gari ukasukuma kwa nguvu zako zote ndio kikatike. Nunua seti iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ifungwe kwa bolti kwenye chuma cha gari, si kwenye plastiki ya dashibodi. Na kama miguu yako ina ile tabia ya misuli kukaza ghafla, weka kinga ya pedali, ni bamba tu linalozuia mguu usirukie mafuta. Wengi hawaiweki wanaona ni gharama ya bure. Ni muhimu kama leva yenyewe.

Makaratasi nitapita haraka. Jiandikishe na baraza la taifa la watu wenye ulemavu, NCPWD, upate kadi, na kabla ya hiyo kuna uchunguzi wa daktari kwenye hospitali ya serikali. Ombi la msamaha wa ushuru wa gari linapitia kwa baraza ndio liende KRA, mamlaka ya ushuru, na sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inaruhusu gari iliyotengenezwa au kubadilishwa kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 imechukua nafasi ya ile ya 2003, kwa hiyo usifuate karatasi ya jirani aliyeagiza gari zamani, uliza upya. Gari iwe haijapita miaka minane tangu iandikishwe mara ya kwanza na usukani uwe kulia, hiyo ni sheria ya kawaida ya gari zinazoagizwa Kenya. Na tafadhali usilipie gari ikapanda meli kabla barua ya msamaha haijawa mkononi mwako, manake gari ikishafika bandarini Mombasa na karatasi hazijakamilika, malipo ya kuiweka pale yanahesabika kila siku na hakuna anayejali kama uko kwenye wilchea. Ukija kutaka kumuuzia mtu asiyestahili msamaha, ushuru utadaiwa, kwa hiyo usimwahidi mtu. Leseni yetu NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, wanaiweka daraja F. Na kama umeajiriwa, usisahau msamaha wa kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za mwanzo kila mwezi, ukiwa na cheti cha KRA, pesa hiyo ndio itanunua matairi.

Bima chukua kubwa, ile inayolipa na gari yako mwenyewe, na uwaandikie wazi kwamba gari imefungwa leva ya mkono na leva ina thamani kadha. Usiposema, siku ya ajali watapata sababu ya kukataa kulipa, na hata wakilipa watalipa gari peke yake, leva utajinunulia mwenyewe.

Haya, sasa tuje kwenye chumvi.

Kaa Malindi mwaka mmoja utaona dirisha la chuma linavyoliwa. Kusi ikivuma kutoka kama Aprili mpaka Septemba unyevu wa bahari unaingia mpaka ndani ya kabati, na walio upande wa Gongoni na Marereni wana mashamba ya chumvi kabisa hapo nyumbani. Leva yetu ina viungo vidogo vya chuma, vyote viko chini ya dashibodi mahali ambapo kitambaa hakifiki, na mlango ukiwa wazi muda mrefu huku unakusanya kiti, hewa yote ya bahari inaingia hapo. Gari ya mtu mwingine mlango wa dereva unafunguliwa sekunde chache tu, wetu unakaa wazi dakika nzima.

Kwanza maji. Visima vingi hapa mjini ni maji ya chumvi chumvi, ukiosha gari kwa maji hayo unaongeza ulichokuja kukitoa. Suuza ya mwisho iwe maji ya mfereji au ya mvua, na isafishwe chini pia, si mwili tu wa kung'aa. Wale vijana wa kuosha gari uwape onyo mbili: wasielekeze mashine ya maji chini ya dashibodi, na wasiishike leva wakiingia au kutoka. Mtu akishapanda gari anatafuta pa kujishikia, na leva iko pale imejitokeza vizuri kama mkono wa mlango, anauning'iniza mwili wake wote pale. Wakifanya hivyo mara kadhaa kishikio kinapinda au nati inalegea.

Kukagua nati usisubiri gereji. Chukua rangi ya kucha, nyekundu inaonekana vizuri, umwambie mtu mwenye spana akukazie kila nati ya leva, zile za kushika pedali, zile za kwenye fimbo, zile za kwenye bano la juu, halafu juu ya kila moja upake mstari mwembamba unaotoka kwenye nati, unapita kwenye bolti mpaka kwenye chuma. Ukikauka basi. Siku nati ikizunguka hata kidogo mstari unakatika, kipande kimoja kinakuwa huku na kingine kule. Sasa utaonaje chini kule na huwezi kuinama? Washa video kwenye simu na tochi yake, ishushe kwa mkono mpaka karibu na pedali, izungushe pole pole, itoe utazame. Mimi hufanya Ijumaa asubuhi kabla sijatoka kwenda msikitini, haichukui muda, na nikiona mstari mmoja umekatika gari hailali mpaka imekazwa. Ukiona rangi imebanduka yenyewe kwa kutu pale, hiyo bolti ibadilishwe, weka ya steinlesi ikiwa ile ile kwa ukubwa na nguvu, fundi asikuokotee yoyote kwenye kopo.

Sikiliza pia. Ukitoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki kusiwe na mlio wa tik. Ukiusikia, shika kishikio ukitikise taratibu gari ikiwa imezimwa, ukihisi kinacheza kabla pedali haijasonga basi bushi imeisha au pini imelika. Hatari ndiyo inakuja.

Grisi kuna mahali na mahali. Kwenye kiungo kilichofungika, sawa, weka kidogo. Kwenye reli za mlango wa kuteleza na reli za rampu usiweke kabisa, manake mchanga wetu ni laini, unanasa kwenye grisi na baada ya mwezi umepata uji wa msasa unaosaga reli kila ukifungua mlango. Hapo safisha kwa brashi kavu, kisha puliza silikoni ile inayokauka. Na zile ekseli za kiti chako za kubonyeza gurudumu likatoka, hizo nazo zitoe, pangusa, tone moja la mafuta ya cherehani, rudisha. Ekseli ikigoma kutoka uko kwenye kituo cha petroli Kilifi umekaa ndani ya gari peke yako, kiti hakiingii na huondoki.

Kitu kinachonitia wasiwasi kuliko vyote, na nataka kila mtu wa leva akijue, ni busta ya breki. Ndiyo inayokufanya usukume breki kwa wepesi, inatumia mvuto wa hewa kutoka kwenye injini kupitia paipu ya mpira. Ile paipu ikipasuka, breki bado ipo lakini inakuwa ngumu sana. Mtu wa miguu atakanyaga kwa uzito wa mwili wote gari itasimama. Sisi tuna mkono mmoja, na huo mkono hauna nguvu ya paja. Kwa hiyo jaribio hili ulifanye kila mwezi: injini imezimwa, sukuma leva ya breki mara nne tano mpaka iwe ngumu, ishikilie hapo hapo ukiwa umeisukuma, halafu washa injini. Leva inatakiwa izame kidogo mbele yenyewe, unaihisi mkononi kabisa. Isipozama usiendeshe, ita fundi aangalie paipu na busta. Kwa joto la huku ule mpira unakakamaa mapema, ukiona umeanza mistari mistari ubadilishe, ni kitu cha bei ndogo. Mafuta ya breki nayo yanavuta unyevu wa hewa na huku unyevu si haba, yamwagwe yawekwe mapya kila miaka miwili hata kama kwa macho yaonekana mazuri. Na kwa sababu hiyo hiyo ya mkono mmoja, taa ya pawa stering ikiwaka usiseme nitafika tu nyumbani. Usukani mzito kwa mkono mmoja kwenye kona ya daraja la Sabaki na lori linakuja, hapana. Simama pembeni upige simu.

Betri za huku zinakufa haraka kwa joto, na ukiwa na rampu au winchi ya umeme zinakufa haraka zaidi. Vile vichwa vya betri vikiota ule unga mweupe, osha kwa maji moto na magadi, kausha, paka mafuta ya vaselini. Halafu jifunze kufungua rampu au mlango bila umeme, karibu zote zina njia ya mkono, na si wewe tu ujue, jirani ajue, mke au mume ajue, kijana wa dukani anayekusaidia ajue, manake siku umeme umekata wewe ndio uko ndani.

Panchari ndio wengi wanaiogopa lakini ni jambo la kupanga tu. Tembea na pampu ya kuchomeka kwenye gari, matairi yawe tyubulesi, na uwe na namba za mafundi wa panchari wa kila kipande cha njia yako, Gede, Matsangoni, Kilifi, Mtwapa, ukipita simama siku moja ununue upepo mjuane sura. Tairi ikianza kulegea ijaze uliko, nenda mpaka kwa mtu unayemjua. Pembetatu za onyo ziweke siti ya pembeni, si kwenye buti, buti huifikii, na ukisimamisha bodaboda ukamwomba akupangie nyuma ya gari hakuna atakayekataa.

Jua sasa. Wenye jeraha la uti wa mgongo, hasa la juu, mwili chini ya jeraha hautoi jasho vizuri na joto linapanda bila wewe kujua, kwa hiyo AC kwetu ni kama dawa, ikiharibika itengenezwe wiki hiyo hiyo. Gari ikisimama juani pale sokoni saa sita, kifungo cha mkanda kinaweza kukuchoma paja na usihisi chochote, utakuja kuona lengelenge usiku. Mto wa jeli wa wilchea ukiachwa juani unashika joto ndani na unaendelea kuchoma hata baada ya kuukalia. Tembea na leso mbili, moja ya kufunika siti na kifungo, moja ya kufunika usukani na leva, na kiti kikibaki nje kiwe kivulini. Kwenda Mombasa ni kama kilomita 120, usiende moja kwa moja, simama Kilifi ujiinue au ujilaze pembeni dakika chache damu ipite makalioni, na jioni jikague kwa kioo. Kidonda cha kukalia kitakuweka kitandani miezi, na gari itakaa nje inaliwa na kutu.

Kuhusu fundi. Usitafute fundi wa leva hapa Malindi, tafuta fundi mwangalifu wa magari kisha umfundishe wewe. Kabla hujamwachia gari piga picha leva pande zote. Mweleze kwamba akikanyaga pedali leva nayo inasonga, asiweke spana wala simu yake pale katikati. Akilazimika kuifungua, akurudishie kila bolti ilipokuwa kama kwenye picha na mistari ya rangi ipakwe upya. Na ukichukua gari, usitoke getini kabla hujazunguka ndani ya ua mwendo wa kutembea na kushika breki mara kadhaa, mafuta, breki, mafuta, breki, hata kama wanakuharakisha wana gari nyingine ya kuingiza. Kuna gereji moja nilirudishiwa gari fimbo ya mafuta haijabanwa, niliijua hapo hapo uani kwa sababu ya kuzunguka huko. Kiti chenyewe kikihitaji spea, APDK, chama cha watu wenye ulemavu, wana karakana pale Bombolulu Mombasa, unganisha na safari yako ya mji.

Kuegesha: usitazame kivuli tu, tazama chini. Mchanga ule wa pembeni mwa barabara magurudumu madogo ya mbele yanazama na huendi popote, tafuta kabro au lami, na mlango wako uwe upande wenye nafasi. Stika ya ulemavu bandika kioo cha mbele, na uwe na koni moja ndogo ya kumpa askari wa pale au mwenye duka akuwekee ubavuni, bodaboda wakiegesha wakabana mlango huingii tena. Kwenye kizuizi cha polisi weka makaratasi juu kwenye kinga ya jua, mikono ionekane, sema mapema kwamba hushuki kwa sababu kiti kiko pembeni. Wengi wanaelewa.

Na mnaoenda Lamu kwa maulidi au kuona jamaa, gari inaishia Mokowe. Mji wa Lamu ni vichochoro na punda, gari yako haina kazi kule hata ungeivusha. Ulizia hali ya usalama ya njia ya Garsen kabla ya kutoka, ondoka mapema ufike mchana. Pale Mokowe egesha mbali na maji kadri unavyoweza, na ukikaa zaidi ya siku chache mwambie mtu atoe kichwa kimoja cha betri. Kwenye gati kiti kitangulie kwenye boti, kifungwe, ndio ubebwe wewe, na zile ekseli utoke nazo mfukoni zisianguke baharini.